Tone Moja Chini ya Motokaa: Shauri kwa Wasafiri wa Garissa na Wajir

Mtu akiamka asubuhi akaona damu mlangoni pake, hawezi kwenda zake kazini bila kuuliza imetoka wapi. Lakini mtu huyo huyo akiona doa jeusi chini ya motokaa yake, aghalabu hulikanyaga, akapanda garini, akaondoka. Husema moyoni mwake, "Ni oili kidogo tu." Maneno hayo mawili, "kidogo tu", yamewalaza watu wengi porini bila maji, na wengine yamewaletea msiba.

Katika miji yenye sakafu za saruji, doa la oili huonekana upesi. Garissa sivyo. Ardhi ya Garissa ni mchanga, nao mchanga hunywa kila kinachomwagika. Gari laweza kuvuja usiku kucha, na asubuhi kisionekane ila kivuli kidogo cha unyevu. Upepo ukikifunika kwa vumbi kabla ya jua kupanda, hapana tena wa kutoa habari. Kwa sababu hiyo mwenye gari katika nchi hii hana budi kujifunza kulitafuta tone, kabla tone halijamtafuta yeye.

SAFARI NDEFU, MAJI MBALI

Nchi yenyewe haina huruma kwa gari bovu. Kutoka Nairobi hadi Garissa, kwa njia ya Thika na Mwingi, ni kilomita zipatazo 370, nayo ni lami. Kutoka Garissa kwenda Wajir, kwa njia ya Modogashe na Habaswein, ni zaidi ya kilomita 300 nyingine, na anayekwenda Mandera bado ana safari ndefu mbele yake kupitia El Wak. Sehemu za njia hizo zimetiwa lami katika miaka ya karibuni, lakini ziko nyingine ambazo ni mchanga, mawe na laga, yaani mikondo mikavu ya mito ambayo hujaa maji ghafula wakati wa mvua. Joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 35. Baina ya kituo na kituo hapana gereji, na pengine hata simu haishiki.

Zamani nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Northern Frontier District, jina lililotumika hadi mwaka 1963. Siku hizo magari ya safari za mbali yalitundika mifuko ya turubai yenye maji mbele ya rejeta, na dereva hakuondoka bila madebe ya akiba. Tangu mwaka 2013 nchi hiyo ni kaunti, na magari yamekuwa ya namna nyingine. Lakini umbali ni ule ule, na jua ni lile lile.

KISA CHA DEREVA MMOJA

Dereva mmoja kijana wa Garissa alikuwa akiendesha Toyota Land Cruiser ya mfanyabiashara, akipakia unga, sukari na abiria kwenda Habaswein, na kurudi na mbuzi wa kuuzwa sokoni. Siku moja, alipokuwa akibadili tairi la nyuma la kulia, aliona upande wa ndani wa gurudumu umelowa na kushika tope jeusi. Alilipeleka gari gereji, na fundi akabadili sili, yaani ile pete ya mpira izuiayo oili ya ekseli isitoke nje. Baada ya majuma mawili, gurudumu lililowa tena. Sili ikabadiliwa mara ya pili. Baada ya majuma mawili mengine, hali ikawa ile ile.

Mwenye gari akachoka kutoa fedha. "Gari linakwenda," alisema, "na abiria wa kesho wamekwisha lipa nauli. Ongeza oili, uende."

Kijana hakutaka kumvunjia heshima tajiri wake, lakini usiku ule hakulala vizuri. Alfajiri, kabla ya kupakia, alipita kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda kando ya njia ya Modogashe. Baada ya kusalimiana akamwambia, "Adeer, gari hili limenishinda. Sili mbili mpya zimekufa ndani ya mwezi mmoja." Adeer ni neno la Kisomali la kumwita ami, nalo hutumiwa kwa heshima kwa kila mtu mzima, na mtu mzima naye humrudishia kijana neno lilo hilo kwa upole. Mzee akamjibu, "Adeer, nani aliyekuambia ya kuwa sili ndiyo mgonjwa?"

Swali hilo ndilo msingi wa kazi yote ya kutibu gari linalovuja. Watu wengi hubadili kitu kabla ya kujua ni kitu gani kinachovuja, kinatoka wapi, na kwa nini kinatoka.

KULISOMA DOA

Jambo la kwanza ni kujua kinachovuja ni nini. Chombo chake hakina gharama. Twaa katoni kuukuu, uikunjue, uitandaze chini ya gari jioni, na uweke vijiwe pembeni ili isipeperuke. Andika juu yake upande ulio mbele na mahali magurudumu yalipo. Asubuhi itazame kwa macho, iguse kwa kidole, na uinuse.

Maji matupu, yasiyo na rangi wala harufu, yakidondoka upande wa abiria baada ya kutumia kipoza hewa, si ugonjwa. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, mfano wa bilauri ya maji baridi inayotoka jasho mezani. Maji yenye rangi ya kijani, nyekundu au buluu, yenye kuteleza kidogo na harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yaliyotiwa dawa. Mafuta ya rangi ya asali, au meusi yakiwa yamefanya kazi siku nyingi, ni oili ya injini. Mafuta mekundu aghalabu ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani. Mafuta mazito yenye harufu mbaya ya kiberiti, karibu na yai viza, ni oili ya difu au ya giaboksi. Petroli na dizeli hujitangaza kwa harufu zao, na anayezinusa asiwashe kiberiti wala sigara karibu na gari hilo.

Yamebaki mafuta ya breki. Hayo ni mepesi, meupe au ya manjano hafifu, na hugeuka rangi ya chai kwa uzee. Huonekana ndani ya gurudumu, au ndani ya gari kwenye kikanyagio cha breki, au kando ya chupa yake karibu na injini. Mtu akiyaona hayo, safari yake imekwisha kabla haijaanza.

Gurudumu lililolowa laweza kudanganya, kwa maana huenda likalowa kwa mafuta ya breki au kwa oili ya ekseli. Fundi mzee alichota tone kwa kijiti, akalitia katika kifuniko cha chupa chenye maji safi. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji. Oili hukataa, ikaelea juu. Tone la gari lile likaelea, na kijiti kilipoletwa puani kilinuka kiberiti. Basi ikajulikana kuwa ni oili ya difu.

Hata hivyo haikuwa habari ya kufurahia. Mzee alifungua gurudumu na dramu ya breki, akamwonyesha kijana breki shuu, zile bamba zenye bitana zinazobana dramu ili gari lisimame. Zilikuwa zimelowa oili na kung'aa. Breki iliyolowa oili haishiki. Ile ya upande wa pili ikishika peke yake, gari huvutwa kando. Kijana angeligundua jambo hilo kwenye mteremko wa laga, akiwa na abiria wanane na magunia ya unga nyuma yake.

PATONAPO SIPO PANAPOVUJA

Jambo la pili ni kupata chanzo. Oili huvutwa chini kwa uzito wake, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali tone linapoangukia si lazima pawe ndipo lilipotoka. Kifuniko cha juu cha injini chaweza kuvuja, oili ikatambaa hadi kwenye karai la chini, na mwenye gari akanunua gasketi ya karai bure. Kanuni ni hii: tafuta mahali palipolowa palipo juu kabisa na mbele kabisa.

Ikiwa kila mahali pamejaa tope la oili na vumbi, osha kwanza. Ngoja injini ipoe, usugue kwa brashi na mafuta ya taa, upanguse, ukaushe kabisa. Kisha nyunyiza poda ya mtoto au unga wa chaki. Endesha gari kwa robo saa, urudi utazame kwa tochi. Mahali pa kwanza poda ilipolowa ndipo penye jeraha.

Mara nyingi jeraha ni dogo. Bolti ya kumwagia oili chini ya karai huvuja kwa sababu washa yake imechakaa. Filta mpya huvuja kwa sababu pete ya mpira ya ile ya zamani imebaki mahali pake, zikawa pete mbili. Mpira wa rejeta huvuja mwishoni, penye kibanio. Ikiwa ufa uko ncha kabisa na mpira ni mrefu wa kutosha, hukatwa kidogo ukarudishwa. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu ya kijiti cha kupimia nayo yaweza kujitafutia njia ya kutoka. Na kukaza kwa nguvu zote si kuponya: bolti iliyokazwa kupita kiasi huharibika meno, na gasketi iliyobanwa mno hupasuka.

EKSELI NAYO HUPUMUA

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ni kuuliza sababu. Mzee alijilaza chini ya Land Cruiser, akapapasa juu ya ekseli ya nyuma, akatoka na kidole chenye udongo mgumu kama tofali. "Tazama," alisema, "ekseli yako imezibwa pua."

Juu ya ekseli pana kitundu kidogo cha kupumulia, chenye kikofia au mpira mwembamba. Safarini oili hupata moto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Kitundu kikiwa wazi, hewa hutoka kwa amani. Kikizibwa, hewa hutafuta mlango mwingine, ikaisukuma oili kupitia sehemu iliyo dhaifu, nayo ni sili. Hata zikitiwa sili kumi mpya, zote zitashindwa. Injini nayo ina njia yake ya kupumulia. Ikizibwa kwa vumbi na masizi, oili huanza kutoka mahali pengi kwa pamoja, na mwenye gari hudhani injini yote imekufa.

Kijana akakumbuka ya kuwa kabla ya taabu hizo alikuwa amevuka laga yenye maji yaliyofika juu ya magurudumu. Ekseli yenye moto ikiingia katika maji baridi, hewa ya ndani hunywea ghafula, na ekseli hufyonza kila kilicho karibu, maji na tope pia. Wenye magari wa Garissa hawajasahau mafuriko ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024, Mto Tana ulipokata barabara karibu na Madogo. Kila gari lililopita katika maji mengi sharti likaguliwe vitundu vyake, na oili ya difu itazamwe. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ina maji ndani yake, nayo yafaa kumwagwa yote.

Wakati huo mwenye gari alikwisha fika, uso umekunjamana kwa kuona abiria wamekaa kivulini na mizigo yao. Mzee hakubishana naye. Alimwekea mkononi lile donge la udongo, kisha akamwonyesha breki shuu zilizolowa. Tajiri alizitazama, akawatazama abiria, asiseme neno. Halafu akamwambia kijana, "Walipe chai na mkate. Mtaondoka baada ya adhuhuri."

Kazi ilikwenda kwa utaratibu. Kitundu kilizibuliwa kwa waya na kupulizwa kwa pampu. Sili mpya ilipakwa oili kidogo mdomoni na kugongwa taratibu pande zote ikae sawa, baada ya kuangaliwa kama chuma inachozunguka hakina mfereji wa kuila. Dramu ilisafishwa hadi ikakauka. Breki shuu mpya zilitiwa pande zote mbili, maana breki za ekseli moja hubadiliwa pamoja ili zishike sawa. Mwisho difu ilijazwa oili hadi mdomo wa tundu la kujazia. Hapo mzee alimpa kijana kanuni moja ya kukumbuka: ukitaka kumwaga oili ya difu, fungua kwanza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, kisha ile ya juu ikakataa kufunguka, utabaki na gari lisilo na oili wala njia ya kuitia.

KUJILINDA CHINI YA GARI

Wako watu waliokufa chini ya magari waliyokuwa wakiyatengeneza. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulindia uhai. Katika mchanga wa Garissa jeki huzama, kwa hiyo weka ubao mpana chini yake. Zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe makubwa au magogo. Gari likikwisha inuliwa, liegemeze juu ya vigingi vya chuma au magogo mazito kabla ya kuingiza hata kichwa. Matofali na mawe yaliyopangwa hayaaminiki, maana hupasuka au huteleza.

Kadhalika, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto. Kifuniko hicho huyabana maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Kikifunguliwa, maji huruka kwa nguvu na kuunguza uso na macho. Ngoja hadi mkono uweze kukaa juu ya rejeta bila kuungua, kisha fungua polepole kwa kitambaa.

YANAYONGOJA NA YASIYONGOJA

Si kila tone linasimamisha safari. Unyevu wa oili ya injini usiofikia kudondoka waweza kungoja, mradi kijiti kipimwe kila asubuhi na oili ya akiba iwemo garini. Lakini petroli inayovuja haingoji, kwa hatari ya moto. Maji ya rejeta hayangoji katika nchi ya joto, maana injini iliyochemka huharibika kwa dakika chache. Na mafuta ya breki hayangoji popote. Yapo maarifa ya njiani kwa vitu vingine: mpira wa rejeta uliopasuka huvingirishwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kifuniko kikalegezwa ili maji yasibanwe, na gari likaenda polepole hadi kituo kinachofuata, tundu dogo la tangi la mafuta huzibwa kwa sabuni ya mche iliyofinyangwa. Breki haina dawa ya njiani.

Kwa rejeta iko sheria moja isiyovunjwa: maji ya kunywa ya abiria yasimalizwe ndani ya injini. Gari likifa, watu wakae kando yake kivulini na maji yao, wangoje msaada. Gari huonekana kwa mbali kuliko mtu anayetembea porini.

Wafugaji nao wana haki zao. Dawa itiwayo katika maji ya rejeta ni sumu, na utamu wake huvuta wanyama kuilamba. Mtu akiyamwaga kando ya njia, mbuzi au mbwa wa jirani aweza kufa, na ugomvi ukazuka baina ya jamaa. Yakusanywe katika debe lenye kifuniko, na oili chakavu vivyo hivyo. Isimwagwe visimani wala katika Tana, ambamo watu huchota maji.

Land Cruiser ile iliondoka baada ya adhuhuri. Mteremko wa kwanza wa laga ulipofika, kijana alikanyaga breki kwa woga kidogo. Gari likasimama sawasawa, halikwenda kulia wala kushoto. Abiria waliendelea na mazungumzo yao, bila kujua kwamba lipo jambo lililokuwa limewangoja pale. Tangu siku hiyo kijana hutandaza katoni yake kila jioni, na gurudumu la nyuma la kulia limebaki kavu.

Wahenga walisema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Mwenye gari akumbuke kuwa haba na haba hukimaliza pia. Na asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ila katika njia ya Wajir, ukuta wenyewe waweza kuwa kaburi. Katoni kuukuu haina bei, na dakika tano za alfajiri hazimcheleweshi mtu.